Maji taka yamerudi ndani, nyumba ya chini Malindi: bima inalipa au tunajidanganya?

BINTI KIPONDA
Assalaam alaykum wana jukwaa. Naomba msaada, na tafadhali mtu asiniletee "pole shoga" peke yake, pole nimeshapewa za kutosha.

Nyumba ni ya familia, iko Malindi ya Mji Mkongwe, Unguja, ghorofa mbili na chini yake. Chini upande wa uani anakaa mama yangu, upande wa njiani kuna duka la vitambaa, mpangaji wa miaka mingi. Juzi mvua ya masika imepiga usiku kucha. Alfajiri mama kaamka kutia udhu, akakuta maji meusi yanabubujika kwenye tundu la bafu. Hayakuvuja kutoka juu, yanapanda kutoka chini. Choo nacho kimejaa mpaka kinamwaga. Hata hatujajua tushike lipi, ukumbi, chumba cha mama na duka kote maji yamefika kwenye vifundo vya miguu. Harufu sisimulii. Kulipopambazuka yakaanza kushuka yenyewe, yakatuachia tope.

Bima tunayo. Kaka yangu alipochukua mkopo wa kutengeneza paa, benki ilimtaka akate bima ya nyumba, na tangu hapo tunalipa kila mwaka. Sasa: bima hii inagusa maji taka? Mpangaji anasema vitambaa vyake tunamlipa sisi wenye nyumba, kweli? Na kuta hizi za zamani zilizokwisha kunyonya uchafu zinasafishwaje?

MTOTO WA VIKOKOTONI
Pole shoga. (Najua umekataza.)
Picha ziko wapi?

KARANI MSTAAFU
Binti, kijana kauliza kwa mzaha lakini ndilo swali lenyewe. Mie nimekaa kwenye meza ya madai ya bima mpaka nikastaafu, na ningekuwa hapo kwenu ningekunyang'anya fagio. Usioshe ukuta kabla hujaupiga picha. Ile alama ya maji ukutani ipige ukiwa umeweka tepu ya fundi, au hata rula ya skuli, ionekane yalifika wapi. Piga tundu la bafu, piga choo, piga chemba ikiwa wazi. Vitu vipige kimoja kimoja, usipige lundo, maana lundo halina bei. Kisha video moja ya kutembea kutoka mlangoni mpaka uani huku unataja tarehe na saa. Godoro lililolowa najisi litatupwa tu, sikatai, lakini waarifu kampuni kwanza, na hata wakichelewa kuja ubaki na kipande chake na lebo yake.

Taarifa itoe leo. Piga simu, halafu andika, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Mikataba karibu yote inataka taarifa bila kuchelewa, na madai mengi niliyoyaona yakifa yalifia hapo, si kwenye maji. Mkataba huohuo pia unakudai uzuie hasara isizidi. Kuzima umeme, kuhamisha vitu vikavu, kumwita mzibuaji, hayo huombi ruhusa kwa mtu. Risiti zake weka.

Sasa inalipa? Inategemea chanzo. Bima ya nyumba ya kawaida kwetu hapa kiini chake ni bima ya moto, halafu inaongezewa majanga mengine: radi, mripuko, dhoruba, mafuriko, kupasuka au kufurika kwa matangi na mabomba. Hayo ya kuongezewa yapo au hayapo kwa kadiri ulivyolipia. Benki yenyewe inachokitazama ni usalama wa mkopo wake, haina haja na kabati la mama yako. Kwa hiyo kwanza jueni kama kaka alikata ya jengo tu, au ya jengo na vyombo.

Maji taka yaliyorudi ndani yamekaa mahala pabaya. Mtu anaweza kuyaita mafuriko, anaweza kuyaita kufurika kwa bomba, na anaweza kuyaita uchakavu. Wewe utayavutia kwenye mawili ya mwanzo, kampuni itayavutia kwenye la tatu, kwa sababu uchakavu haulipwi na bima yoyote niijuayo. Fungua mkataba, ruka kurasa za mbele zenye maneno mazuri, nenda panapoorodheshwa visivyolipwa, utuletee hapa kama palivyoandikwa.

UKUTA WA CHOKAA
Mzee kasema la karatasi, mie niseme la chini ya ardhi.

Dada, juzi mwezi ulikuwa wa ngapi? Bamvua, yale maji makubwa ya bahari ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, hapa Unguja hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na tena alasiri. Mabomba ya Mji Mkongwe mengi ni ya zama za Mwingereza, sehemu nyingi yanabeba maji ya choo na ya mvua kwa pamoja, na mwisho wake ni baharini. Bahari ikishapanda juu ya mdomo wa bomba, na mvua nayo inamwaga, maji hayana pa kutokea. Yanarudi nyuma kutafuta tundu la chini kuliko yote. Na nyinyi huko Malindi na Funguni mko chini. Wazee wanakumbuka hori lililokuwa likiutenga Mji na Ng'ambo kabla halijafukiwa. Bahari njia yake haiisahau.

Hiyo ni nusu ya habari. Bamvua ipo kila mwezi mara mbili na nyumba haijazwi kila mara, kwa hiyo kuna kitu kingine. Funua chemba yenu. Ikiwa tupu na choo kimejaa, kizuizi ni chenu, kati ya choo na chemba. Ikiwa imejaa, kizuizi kiko mbele, upande wa njiani. Hapo mwombeni anayehusika awafunulie chemba inayofuata. Ikiwa hiyo kavu na yenu imejaa, donge limekaa katikati ya hizo mbili. Fanya hivyo maji ya bahari yakiwa yametoka, la sivyo zote utazikuta zimejaa na hutajua lolote.

Angalia pia paipu ya paa inashukia wapi. Nimeziona nyumba, mtu kaunganisha maji ya paa zima kwenye chemba ya choo kwa sababu ndiyo ilikuwa karibu. Mvua moja tu, paa lote linaingia chooni.

Za kuta nitarudi jioni, niko kazini.

BINTI KIPONDA
Nashukuru sana. Shikamoo mzee Karani.

Juzi ilikuwa siku ya pili ya mwezi mwandamo, kwa hiyo fundi umepatia. Watu wa manispaa walikuja wakatufunulia chemba ya njiani. Yetu imejaa, ya mbele kavu. Mzibuaji kapitisha waya, katoa donge jeupe gumu kama sabuni ya mche, ndani yake pampasi na matambara. Mafuta ya kupikia hayo, yameganda. Sisi hatupiki kiasi hicho. Katikati ya chemba hizo mbili kuna bomba la jiko la nyumba ya wageni linaingia. Mwenyewe anasema si yeye. Paipu yetu ya paa inashukia mtaroni, haihusiki.

Mkataba ni wa Kiingereza, kanisomea mtoto wa dada yangu anayesoma chuo kikuu, SUZA. Umeandikwa dhoruba, mafuriko, na kupasuka au kufurika kwa matangi, vifaa na mabomba ya maji. Kwenye visivyolipwa kuna uchakavu, kuoza, na uharibifu wa polepole. Maji taka hayakutajwa popote, si kulipwa wala kukataliwa. Na ni ya jengo tu. Vyombo vya mama havimo.

KARANI MSTAAFU
Marahaba binti.

Mkataba ukinyamaza haujakataa. Isitoshe, maneno ya mkataba yakiwa na utata, kanuni ya sheria ni kwamba utata unamlemea aliyeyaandika, na aliyeyaandika si kaka yako. Kwa hiyo dai lako liandike hivi: mvua kubwa pamoja na bomba la njiani lililoziba ghafla, maji yakafurika kupitia bomba, yakaharibu jengo. Usiandike "mabomba yetu ni ya zamani". Sikufundishi uongo, nakufundisha usijibu ambalo hukuulizwa. Ukiulizwa umri wa bomba, sema kweli, maana bima imejengwa juu ya kusema kweli, na uongo mmoja unaua mkataba mzima.

Tenganisha vitu viwili, kwa sababu watu wengi hukwama hapa. Bomba lenyewe likiwa limechakaa, kulibadilisha ni juu yenu. Lakini maji yaliyotoka ghafla na kuharibu ukuta, milango na waya za umeme ni hasara nyingine, na hiyo mara nyingi inalipika hata pale bomba halilipiki. Mwambie fundi akuandikie makisio mawili mbalimbali, la bomba peke yake na la uharibifu peke yake. Ukipeleka karatasi moja imechanganya vyote, mkadiriaji wa hasara anayetumwa na bima ataikataa nzima.

Na uangalie jengo limekatiwa bima ya kiasi gani. Tuseme nyumba thamani yake ni milioni 200 na kaka kaikatia milioni 100 ili ada iwe ndogo. Hasara ikiwa milioni 10, kampuni itakulipa 5, kwa hesabu kwamba nusu ya hatari mliibeba wenyewe. Halafu kwenye hizo 5 wanakata eksesi, yaani kile kiasi cha mwanzo cha hasara ambacho mkataba unasema mtajibebea wenyewe. Nyumba za urithi za Mjini nyingi zimo katika hali hiyo na wenyewe hawana habari.

MZEE WA MKUNAZINI
Mimi nasema nyote mnapoteza wakati. Bima ni kulipa mtu akungojee upatwe na balaa halafu akutafutie sababu. Na kidini ina mjadala. Wazee wetu walikaa nyumba hizihizi karne mbili bila bima.

MTOTO WA VIKOKOTONI
Mzee wangu, wazee wetu hawakuwa na jirani mwenye jiko la pizza.

KARANI MSTAAFU
Mzee mwenzangu, la kidini siliingilii, lina wenyewe. Ila kwa anayesitasita, siku hizi takaful ipo hapahapa. Washiriki wanachangia mfuko kwa nia ya kusaidiana, kampuni inauendesha kwa ujira, na ziada ikibaki ina utaratibu wake wa kurudi kwa washiriki. Lakini kwa maji taka, takaful nayo ina orodha yake ya yaliyomo na yasiyomo. Isome vilevile.

TORONTO MBALI
Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Mimi ni mtoto wa Kikwajuni, nipo Canada miaka mingi. Nyumba za huku zina chumba cha chini ya ardhi, na balaa hili ndilo wimbo wa mtaa. Huku mambo yako wazi zaidi, japo si rahisi zaidi. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi maji yaliyorudi kupitia bomba la maji taka. Imeandikwa kabisa kwenye visivyolipwa. Ukitaka unanunua nyongeza, unailipia mbali, nayo ina kikomo chake. Marekani ni hivyohivyo, na mafuriko ni mkataba mwingine kabisa, kuna mpango wa serikali kuu tangu 1968. Huo nao unalipa maji taka yaliyorudi pale tu mafuriko yenyewe yakiwa ndiyo chanzo. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na bima mbili na akaanguka katikati yake.

Tarehe 8 Julai 2013 Toronto ilinyeshewa milimita 126 pale uwanja wa ndege kwa saa chache, vyumba vya chini vikajaa mavi mji mzima. Baada ya hapo kampuni zikabana, nyingine zikaweka kikomo kidogo, nyingine zikataka ufunge kwanza vali ya kuzuia maji kurudi. Manispaa yenyewe inatoa ruzuku ya kuifunga.

Ushauri wangu kwa wenye mikataba iliyonyamaza kama wa dada: mwaka ujao mkihuisha, ombeni kwa maandishi kwamba maji taka yaandikwe yamo. Msiache wakala awajibu kwa mdomo "yamo hayo, usijali". Huyo wakala siku ya dai hayupo.

UKUTA WA CHOKAA
Nimerudi. Kuta.

Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, mnene, na unavuta maji kwenda juu. Unalowa taratibu na unakauka taratibu zaidi. Kwa hiyo: bandua lipu iliyolowa mpaka juu kidogo ya alama ya maji, uone mawe. Sugua, suuza kwa maji safi kidogo kidogo, usimwage kwa mpira maana unaupa ukuta maji mengine. Fungua madirisha, weka feni, acha. Utaona chumvi nyeupe inatoka, ifagie kwa brashi kavu, usiioshe, ukiiosha inarudi ndani. Mvua za masika hazitakusaidia, kwa hiyo usitegemee kupaka kabla ya kipupwe.

Halafu lipu ya chokaa iliyozimwa vizuri. Tafadhali sana isiwe saruji. Fundi wa haraka atakuja na mifuko ya saruji, atapiga lipu wiki moja, ukuta utang'aa kama mpya, na juu yake rangi ya plastiki. Unyevu umefungiwa ndani, unapanda mpaka kwenye boriti. Boriti za mikoko zinaozea kwenye ncha zilizoingia ukutani, pale usipopaona, na siku dari inashuka watu wanasema nyumba ilikuwa kuukuu. Chokaa inapumua, na yenyewe ni kali, inaua vijidudu.

Upande wa njiani kabla ya kubomoa chochote pitia Mamlaka ya Mji Mkongwe, tumo kwenye urithi wa dunia tangu 2000 na kibali si hiari. Barua ya kibali weka faili moja na makaratasi ya bima, mkadiriaji anapenda kuona kazi imeruhusiwa.

Mlango wa nakshi usianikwe juani. Uoshwe, ufutwe, ukae kivulini unapopita upepo.

NESI WA MPENDAE
Naona mnazungumza ukuta na pesa, na mama wa watu bado anakaa humohumo. Atoke kwanza, alale juu au kwa ndugu, khasa kama ana sukari au kidonda mguuni.

Anayesafisha avae viatu vya mpira na glavu. Umeme uzimwe kwenye swichi kuu kabla mtu hajakanyaga maji, soketi za nyumba za zamani ziko chini. Toa tope kwanza, osha kwa sabuni, ndipo utie dawa, kwa sababu dawa ikimwagwa juu ya uchafu nguvu yake inaishia kwenye uchafu. Jiki ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, mwaga sakafuni uiache dakika 10 au zaidi, halafu suuza. Changanya ile utakayoimaliza siku hiyo. Na msichanganye kamwe Jiki na ile dawa ya choo yenye asidi. Inatoka hewa inayochoma mapafu, na nimewapokea wagonjwa wake.

Kisima cha uani kama kipo, msikitumie kunywa wala kuoshea vyombo mpaka maji yapimwe. Ardhi yetu ni matumbawe, ina matundu, maji machafu yanapita ndani yake bila kuchujwa. Tuliokuwa kazini kipindupindu cha 2015 na 2016 hatuhitaji kukumbushwa. Akitokea mtu anaharisha maji matupu, mpeni maji ya chumvi na sukari ya pakiti mkiwa njiani kwenda spitali, msingoje kesho.

Godoro, mito na zulia nene lililolowa, tupeni. Nguo, misala na vitambaa vinaoshwa, maji mengi mpaka rangi na harufu vitoke, na jua.

BINTI KIPONDA
Mama yuko kwa khaloo Mombasa tangu jana, ahsante dada nesi. Misala yake ndiyo aliyoiulizia kabla ya kitu chochote.

Na mpangaji je? Leo kaja na orodha, kila jora kaliandikia bei ya kuuzia.

WAKILI WA BARAZANI
Bei ya kuuzia asahau. Hasara ya mali huhesabiwa kwa alichonunulia, na stakabadhi zake azilete. Pia si kila jora lililolowa limekufa, yapo yatakayooshwa yakauzwa kwa bei ya chini, na hiyo inapunguzwa kwenye hesabu.

Lakini la msingi: mwenye nyumba hawi bima ya bidhaa za mpangaji. Analipa pale mkataba wa kupanga ulipomtwika, au pale ilipothibitika alizembea, kwa mfano aliambiwa choo kinarudisha maji akapuuza. Aliwahi kukuandikia lolote kuhusu bomba hilo? Kama hakuna, na donge limetoka bomba la njiani, dai lake linamwelekea aliyeziba, kama lenu. Bidhaa zake alipaswa kuzikatia bima yake mwenyewe, na ada ya duka dogo haivunji mtu mgongo.

Kuhusu nyumba ya wageni, msianze na mahakama. Nendeni kwa sheha, mkuu wa serikali wa mtaa wenu, muwe na mzibuaji, picha na lile donge lenyewe kama mmelihifadhi. Sheha awaite pande zote aandike. Ile barua ya sheha ina kazi mbili: inaweza kumaliza ugomvi, na bima wataitaka kama ushahidi kwamba jambo lilitokea siku hiyo, mahala hapo. Mkilipwa na bima, kampuni inaweza kumgeukia jirani kudai ilicholipa, kwa hiyo msisaini karatasi ya kumsamehe jirani kabla hamjazungumza na bima.

MPEMBA WA WETE
Nyie wa Mjini mna mabomba, sisi huku kila mtu na karo lake. Mvua ikizidi, maji ya ardhini yanapanda na karo linajaa kwa nje kuingia ndani. Unaita gari la kuvuta, linavuta, kesho limejaa tena, mvutaji anafurahi. Bima itasemaje hapo?

KARANI MSTAAFU
Ndugu yangu wa Wete, hapo ni pagumu. Maji yanayopenya ardhini polepole ni "uharibifu wa polepole" kwenye vitabu vyao. Ukiwa na siku moja ya mafuriko ya wazi, mtaa mzima umejaa, hiyo utaidai. Karo linalojaa kila masika ni matengenezo.

UKUTA WA CHOKAA
Na usilivute likabaki tupu kabisa mvua zikiwa bado. Maji ya ardhini yamelizunguka, likiwa tupu kuta zake zinasukumwa ndani, na la plastiki linaweza kuinuka lenyewe. Vuta sehemu, ngojea maji yashuke, halafu liinulie mdomo juu ya uwanja na ulizuie maji ya paa yasilielekee.

BINTI KIPONDA
Narudi na habari, maana watu mnaniuliza faraghani.

Mkadiriaji alikuja, kijana mpole, kapima kila kitu. Baadaye ikaja barua: dai limekataliwa kwa sababu ya "uchakavu wa mfumo wa mabomba". Mistari minne. Mzee Karani akanambia nisipige kelele, niandike niulize ni kifungu kipi cha mkataba na ni sehemu ipi ya ripoti ya mkadiriaji inayosema hivyo, na niombe nakala ya ripoti. Nikaambatanisha karatasi ya mzibuaji, barua ya sheha, picha za chemba mbili na yale makisio mawili ya fundi. Nikataja chini kabisa kwamba jibu lisiporidhisha nitalifikisha TIRA, mamlaka inayosimamia bima, na kwa msuluhishi wa migogoro ya bima.

Wakarudi. Lipu ya chini, milango miwili na waya za umeme wamekubali, kasoro eksesi, na wamekata kwa sababu nyumba ilikatiwa thamani ndogo, kama mzee alivyotabiri. Bomba hawalipi. Vyombo vya mama hawalipi, havikuwa ndani ya bima. Mpangaji na mwenye nyumba ya wageni wamekubaliana kwa sheha, kiasi hawakutwambia wala hatukuuliza. Jikoni kwake kafunga chombo cha kunasa mafuta.

Mimi na kaka tunataka kufunga ile vali aliyoisema ndugu wa Toronto. Fundi, inafungwa hapa kwetu?

MTOTO WA VIKOKOTONI
Na mie naitaka. Bei gani?

UKUTA WA CHOKAA
Inafungwa, lakini ngojeni kwanza kabla hamjakimbilia dukani. Vali ni kifuniko ndani ya bomba: maji yakitoka kinafunguka, yakitaka kurudi kinajifunga. Sasa fikirini nyumba kama ya dada, watu wako juu ghorofa mbili. Ukiiweka kwenye chemba ya nje, bahari ikipanda kifuniko kinajifunga, na wa juu hawajui, wanaoga, wanavuta maji chooni. Maji yao hayana pa kutokea, yanamwagikia chini kwa mama. Mmejikinga na uchafu wa mtaa mkajazwa na wa kwenu.

Kwenye nyumba ya ghorofa vali inakaa kwenye tawi la choo na bafu la chini peke yake, maji ya juu yawe na bomba lake mpaka njiani. Hiyo inataka kuchimbua sakafu, ndiyo gharama yenyewe, vali si kitu. Na iwe mahala pa kufunulika, muioshe kabla ya masika na kabla ya vuli, kwa sababu tambara moja tu likikwama hapo kifuniko hakifungi.

Bei siwezi kusema bila kuona. Nipimieni upana wa bomba, na kina kutoka sakafu ya bafu mpaka chini ya chemba, mniandikie hapa. Wewe wa Vikokotoni, nyumba yenu ina juu au ni ya chini tu?

MTOTO WA VIKOKOTONI
Ya chini tu.

UKUTA WA CHOKAA
Basi yako rahisi. Pima, lete.